UZI: Hal Prince na kazi ya prodyuza wa Broadway, mtu anayeishi kwa kuaminiwa na wenye pesa zao

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Tukizungumzia michezo ya jukwaani tunataja waigizaji, watunzi wa nyimbo, na kidogo waongozaji. Prodyuza hatajwi, na akitajwa anaelezwa kama tajiri aliyetoa hela. Naomba tulinyooshe hili. Prodyuza wa maonyesho ya biashara mara nyingi pesa hana. Anakwenda kwa wenye nazo, anawaomba waziweke kwenye kitu ambacho bado hakipo, kisha anawajibika kwao tangu siku hiyo hadi pazia linaposhuka kwa mara ya mwisho. Zikipotea, uso wanaoutafuta ni wake.

Nimemchagua Harold Prince, aliyejulikana zaidi kama Hal. Alizaliwa New York tarehe 30 Januari 1928, akafariki Reykjavík tarehe 31 Julai 2019 akiwa na miaka 91. Alikusanya tuzo 21 za Tony, tuzo kuu za michezo ya jukwaani Marekani, na hakuna mtu mwingine aliyefikia idadi hiyo. Wengi wanamkumbuka kama mwongozaji. Mimi nataka tumtazame katika ile miongo miwili aliyokuwa prodyuza, maana humo ndimo kazi hii inaonekana yote, tamu yake na chungu yake.

Alimaliza Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1948, akaenda kwenye ofisi ya George Abbott, mwongozaji mkongwe wa Broadway (kumbi kubwa za maonyesho ya biashara za New York), akaomba afanye kazi hata bila mshahara. Alianza kwa kutumwa huku na kule, akapanda kuwa msaidizi wa meneja wa jukwaa. Katikati akaitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani, akarudi, akaendelea na kazi chini ya meneja wa jukwaa aliyeitwa Robert Griffith.

Hapo pa umeneja wa jukwaa naomba tupatulizie macho. Huyu ndiye anayesimama pembeni ya pazia kila usiku, anayeamuru taa ziwake na mandhari yabadilike. Anajua nani kachelewa, nani anaumwa, vazi gani limechanika, fundi gani leo atalipwa saa za ziada. Pesa ikivuja, yeye anaiona kabla ya mhasibu. Mtu aliyekaa pale miaka michache hadanganyiki na bajeti. Prince na Griffith walitoka hapo moja kwa moja wakawa maprodyuza, na naamini hilo liliwasaidia kuliko hata jicho lao la kuchagua michezo.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa The Pajama Game, mwaka 1954, wakishirikiana na Frederick Brisson. Prince alikuwa na miaka 26. Ukimsimulia mwekezaji kisa chenyewe, hakimtoi udenda: wafanyakazi wa kiwanda cha nguo za kulalia wanataka nyongeza ya senti saba na nusu kwa saa, wanagoma. Mtunzi wa dansi alikuwa Bob Fosse, ambaye hakuwa amewahi kutengeneza dansi za onyesho zima la Broadway. Basi maprodyuza wakazunguka, wakawaimbia watu nyimbo za mchezo sebuleni, wakakusanya pesa kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi. Na ili kubana matumizi, Prince na Griffith wakaendelea kuwa mameneja wa jukwaa wa onyesho lao wenyewe. Yaani mchana ni wenye ofisi, usiku wako nyuma ya pazia.

Mchezo ulionyeshwa mara 1,063 na kuchukua Tony ya mchezo bora wa muziki. Mwaka uliofuata wakatoa Damn Yankees, mchezo wa besiboli, mara 1,019, Tony tena. Kuanzia hapo watu waliowapa pesa mwanzo hawakuhitaji kuimbiwa. Walikuwa wamelipwa, na walitaka kuingia kwenye mchezo unaofuata.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu asante, shusha tu. Ila mimi hesabu zake ndizo sielewi. Mwekezaji anapata nini hasa? Na prodyuza anakula wapi?

#3 Mtoa mada

Swali zuri sana mkuu, bila hilo uzi wote hauna maana.

Zipo gharama za aina mbili, na wanaoanza wanazichanganya. Ya kwanza ni mtaji wa kulisimamisha onyesho: mazoezi, mandhari, mavazi, matangazo, amana ya ukumbi, kila kitu hadi usiku wa ufunguzi. Ya pili ni gharama ya kila wiki ya kuliendesha: mishahara, wanamuziki, kodi ya ukumbi, umeme, matangazo tena, na mrabaha wa watunzi na mwongozaji, ambao hutolewa kwenye mapato ya tiketi.

Chukua mfano wa kujifunzia tu. Onyesho limegharimu dola 200,000. Kila wiki linaingiza 45,000 na kutumia 30,000. Inabaki 15,000. Kwa hiyo linahitaji wiki 14 zilizojaa ndipo mtaji urudi. Kabla ya hapo hakuna faida, hata kama kila usiku watu wanasimama kupiga makofi. Sasa mapato yakishuka hadi 28,000, kila wiki unapoteza 2,000, na hapo prodyuza analala macho wazi: afunge leo, au avumilie akitegemea watu watarudi?

Utaratibu uliozoeleka Broadway enzi za Prince ulikuwa hivi. Wawekezaji wanarudishiwa mtaji wao kwanza, wote, hadi senti ya mwisho. Baada ya hapo faida inagawanywa nusu kwa nusu, wawekezaji upande mmoja, prodyuza upande wa pili. Mtaji usiporudi, prodyuza anaambulia ada ndogo ya ofisi ya kila wiki, basi. Kwa hiyo aliyefanya kazi miaka miwili kwenye mchezo uliofungwa baada ya wiki moja amefanya kazi miaka miwili karibu bure.

Na kuna mwenye ukumbi. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema mapato yakishuka chini ya kiwango fulani kwa wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi anaweza kukutoa ampe mwingine. Prodyuza anaweza kuwa tayari kuvumilia, wawekezaji wakawa tayari, na bado mkatolewa.

#4

Kwa hiyo kumbe kuchagua mchezo mzuri ni sehemu ndogo tu ya kazi!

#5 Mtoa mada

Si ndogo mkuu, ila haitoshi. Tuangalie West Side Story, utaona.

Masika ya mwaka 1957 mchezo huo ulikuwa na watu wakubwa: Leonard Bernstein kwenye muziki, Jerome Robbins kwenye uongozaji na dansi, Arthur Laurents kwenye maandishi, na kijana Stephen Sondheim kwenye mashairi ya nyimbo. Prodyuza wao, Cheryl Crawford, akajitoa mazoezi yakiwa yanakaribia. Wawekezaji hawakuuamini: mwisho wa sehemu ya kwanza jukwaani wamelala maiti wawili, na mwisho wa mchezo anaongezeka mwingine.

Sondheim alikuwa rafiki wa Prince, akampigia simu. Prince na Griffith walikuwa Boston wakihangaika na mchezo wao mwingine uliokuwa kwenye majaribio, yaani kuonyeshwa mji mwingine kabla ya New York. Wakakubali, wakarudi New York, wakapata pesa kwa muda mfupi mno. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika maisha yake ya kazi. Crawford hakuwa prodyuza dhaifu, na mchezo ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba Prince na Griffith walikuwa na watu waliokwisha kulipwa faida mara mbili, wenye kuamini neno lao. Bila ile michezo miwili ya mwanzo, mmoja wa mgomo wa nguo na mwingine wa besiboli, yawezekana hii kazi kubwa isingepanda jukwaani mwaka ule.

Ilifunguliwa tarehe 26 Septemba 1957, ikaonyeshwa mara 732. Tony ya mchezo bora wa muziki ilikwenda kwa The Music Man.

Griffith alifariki mwaka 1961. Prince akabaki peke yake na ofisi, akiwa na miaka 33.

#6

Mkuu samahani nikuingilie. Nilisikia kuna prodyuza wa enzi hizo aliyetumia majina ya wahakiki kwenye tangazo. Ndiye huyu?

#7 Mtoa mada

Hapana, huyo ni David Merrick. Alikuwa mwanasheria kutoka St. Louis, mpinzani mkubwa wa Prince kibiashara. Mchezo wake Subways Are for Sleeping ulipokosolewa mwishoni mwa 1961, alitafuta watu saba wa kawaida wenye majina yanayofanana kabisa na ya wahakiki saba wa magazeti ya New York, akawakaribisha, kisha akatoa tangazo lenye majina yao, picha zao na sifa tele. Gazeti la Herald Tribune lililichapisha kwenye toleo la mapema kabla halijagundulika. Mchezo ulifika maonyesho 205.

Mimi tangazo lile silipendi, linamfanya mnunuzi wa tiketi adanganyike. Lakini Merrick alijua jambo moja ambalo wengi hawalijui, yaani namna ya kurefusha maisha ya onyesho. Hello, Dolly! ilifunguliwa 1964, na mauzo yalipolegea alibadilisha nyota mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1967 akaweka kundi zima la waigizaji weusi likiongozwa na Pearl Bailey, na foleni za tiketi zikarudi upya. Ikafika maonyesho 2,844.

Turudi kwa Prince.

Mwaka 1962 alikuwa na A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kichekesho cha Roma ya kale. Kule Washington kwenye majaribio watu hawakucheka. Akaitwa Robbins aje kutazama, akasema wimbo wa kufungulia unawapa watazamaji matarajio yasiyofaa. Sondheim akaandika mwingine unaowatangazia wazi kwamba usiku huu ni wa kucheka. Vicheko vikaja, na mchezo ukafika mara 964. Ndiyo maana maprodyuza wa zamani hawakuona majaribio ya mikoani kuwa gharama ya kukatwa. Kuna kasoro usizoziona hadi watu waliolipa viingilio wakae mbele yako kimya.

Halafu 1964 ikaja Fiddler on the Roof, kisa cha kijiji cha Wayahudi wa Urusi. Prince alipoletewa mara ya kwanza aliwaambia waandishi wamtafute Robbins aongoze. Alipopatikana, kazi ikaanza. Ilifunguliwa tarehe 22 Septemba 1964 ikiwa na Zero Mostel, mwigizaji mwenye jina kubwa. Mkataba wa Mostel ulipokwisha aliondoka, kabla hata ya mwaka kutimia. Waliotabiri kwamba mchezo utakufa walikosea. Akaingia mwigizaji mwingine, kisha mwingine, na onyesho likaendelea hadi 1972, mara 3,242, mchezo wa muziki wa kwanza Broadway kuvuka 3,000. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya mchezo wenyewe.

Hiyo ndiyo iliyompa Prince uhuru. Kuanzia hapo aliweza kuthubutu.

#8 Mtoa mada (naendelea)

Cabaret ya 1966 aliitoa na kuiongoza mwenyewe. Kisa ni Berlin wakati Wanazi wanapanda, na jukwaani kulitundikwa kioo kikubwa ili watazamaji wajione. Mara 1,165. Company ya 1970, mchezo usio na kisa cha kufuatana, nao ulikwenda vizuri.

Kisha Follies, iliyofunguliwa tarehe 4 Aprili 1971. Wacheza maonyesho wa zamani wanakutana kwenye ukumbi unaokaribia kubomolewa, na ujana wao unatembea kati yao kama vivuli. Kundi kubwa la waigizaji, mavazi ya kifahari, gharama ya takriban dola 800,000, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule. Ilichukua tuzo saba za Tony. Ilionyeshwa mara 522. Na haikurudisha mtaji wake.

Sasa angalieni tarehe. Follies ilifungwa tarehe 1 Julai 1972. Fiddler, yenye faida kuliko zote alizowahi kutoa, ilifungwa kesho yake, tarehe 2 Julai. Prodyuza yuleyule, ofisi ileile, wikiendi moja.

#9

Mimi nitapingana na wewe kidogo mtoa mada. Mtu akikupa pesa yake anakuamini uifanyie biashara. Ukiipeleka kwenye mchezo wa huzuni wenye mavazi ya gharama kwa sababu wewe unaupenda kisanaa, hapo umemtumia. Tuzo saba hazilipi ada ya shule ya mtoto wa mwekezaji.

#10 Mtoa mada

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu.

Kwanza, wengi wa wawekezaji wake walikuwa wakirudi mchezo baada ya mchezo. Aliyekuwa na sehemu kwenye Fiddler na Cabaret hakuwa amepata hasara akihesabu yote pamoja. Prodyuza wa aina ya Prince alihesabiwa kwa kazi zake zote. Pili, hakuna anayejua. Kila nilichokitaja hapo juu kilikuwa na sababu ya kushindwa: mgomo, maiti jukwaani, kijiji cha Wayahudi wa Urusi, Wanazi. Ukimzuia Follies kwa kigezo cha huzuni, umemzuia na West Side Story.

Lakini ninakubaliana nawe kwamba ipo hatua ambapo anayejaribu kwa pesa za wengine anapaswa kujiuliza. Na yeye alijiuliza. A Little Night Music ya 1973 ilirudisha pesa. Candide ya 1974 ilinifundisha mengi nilipoisoma hesabu yake: mara 740, watu wanaipenda, na bado hasara. Walivunja mpangilio wa ukumbi ili watazamaji wakae katikati ya mchezo, viti vikapungua sana, na mkataba wa ukumbi ukawalazimu kulipa wanamuziki wengi kuliko waliowahitaji. Ukumbi umejaa, lakini dari ya mapato yenyewe iko chini mno.

Kisha Pacific Overtures, Januari 1976. Japani inavyofunguliwa kwa nguvu na manowari za Marekani, ikisimuliwa kwa mtindo wa Kabuki, michezo ya jukwaani ya jadi ya Kijapani. Kazi nzuri kupita kiasi. Mara 193, mtaji wote ukapotea. Baada ya hapo Prince aliacha kuwa prodyuza kama ilivyokuwa, akawa zaidi mwongozaji anayeajiriwa na maprodyuza wengine. Evita na Sweeney Todd aliziongoza hivyo. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa heshima. Aliona kwamba michezo anayotaka kuifanya na pesa anayoweza kuwarudishia watu haviendi tena pamoja, akaondoka kwenye kiti kabla hajawapotezea zaidi.

#11

Je ni yeye tu alibadilika au biashara yenyewe?

#12 Mtoa mada

Biashara, kwa kiasi kikubwa. The Pajama Game ilipangiwa dola 250,000 mwaka 1954. Leo mchezo mkubwa wa muziki Broadway kuanzia dola milioni 15 hadi zaidi ya 20 ni kawaida. Wicked ya 2003 iligharimu takriban milioni 14. Kwa viwango hivyo mtu mmoja mwenye orodha ya marafiki waaminifu hafiki popote. Ndiyo maana siku hizi ukifungua kitabu cha programu unakuta majina ya maprodyuza yamejaa mistari mingi juu ya kichwa cha mchezo. Wengi wao wameletwa kwa sababu ya pesa waliyoikusanya, na maamuzi anabaki nayo mmoja au wawili. Na michezo inayorudisha mtaji ni michache, kwa makadirio yanayotumiwa na watu wa kazi hiyo ni kama mmoja kati ya mitano.

Wakati huohuo zawadi ya ule unaofanikiwa imekuwa kubwa mno. The Phantom of the Opera, aliyoiongoza Prince huku prodyuza akiwa Cameron Mackintosh pamoja na kampuni ya mtunzi Andrew Lloyd Webber, ilifunguliwa New York tarehe 26 Januari 1988 na kufungwa tarehe 16 Aprili 2023, mara 13,981. Hapo ndipo prodyuza wa kisasa anapoelekeza macho: mchezo mmoja unaoweza kusimamishwa kwa sura ileile katika miji mingi duniani. Ninaelewa kwa nini. Lakini ninasikitika, maana mtu aliyetoa mchezo mpya karibu kila mwaka kwa miaka 20 alikuwa na nafasi ya kujifunza ambayo anayetoa mmoja kwa miaka saba hana.

#13

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu mwenye miaka 22 leo, anapenda kazi hii, aanzie wapi? Aende chuo?

#14 Mtoa mada

Chuo hakidhuru, kuna vyuo vinavyofundisha usimamizi wa maonyesho na huko utakutana na watunzi na waongozaji wa rika lako, jambo ambalo lina thamani yake. Ila ningemshauri atafute mapema kiti ndani ya ofisi inayoendesha maonyesho, hata cha kujibu simu na kupeleka mikataba. Ajifunze kusoma hesabu ya wiki: tiketi ngapi, kwa bei gani, punguzo kiasi gani, nani kalipwa kwanza. Aende kutazama michezo inayokaribia kufungwa, asikimbilie ile iliyojaa tu, na ajaribu kukisia ni wiki gani ingepaswa kufungwa.

Kisha aanze na kitu kidogo: usomaji wa mchezo mpya mbele ya watu 30, ukumbi wa viti 90. Anunue haki ya muda ya kazi ya mwandishi asiyejulikana, kwa mkataba ulioandikwa, na amlipe kwa wakati. Waandishi wanazungumza wao kwa wao.

Na asipokee pesa ya mtu yeyote kabla mwanasheria wa maonyesho hajaandaa nyaraka. Marekani, kuomba watu wawekeze kwenye onyesho kunasimamiwa na sheria za dhamana za uwekezaji kama kampuni nyingine yoyote, na jimbo la New York lina sheria yake mahsusi ya michezo ya jukwaani: pesa ya wawekezaji ikae kwenye akaunti maalumu ya amana, na itumike kwa onyesho hilo tu lililotajwa kwenye mkataba.